Mtoto wa Miezi 45

"Mtoto yuko wapi?" karani wa mapokezi aliniuliza, macho yake yakiwa bado kwenye daftari.

Nikamwambia mtoto ni mimi.

Akainua kichwa. Akachungulia nyuma yangu, labda mtoto amejificha kwenye koti. Hakuona mtu. Akaandika jina, akauliza umri, nikasema 45, naye akaandika 45. Hapo ndipo kosa lilipotungwa mimba, kwa sababu daftari lile lilikuwa la kliniki ya watoto na umri humo unahesabiwa kwa miezi. Saa mbili baadaye muuguzi akatokea mlangoni na faili, akaita kwa sauti iliyofika mpaka kwa mama wa chai nje ya lango: "Mtoto wa miezi arobaini na mitano, wa usonji!"

Nikasimama. Kile kiti cha plastiki cha buluu nilichokuwa nimekikalia, kilichotengenezwa kwa makalio ya chekechea, nacho kikasimama pamoja nami.

Hospitali yenyewe siitaji. Mwenye makosa ni mimi niliyekawia kukua. Nchi hii, mtoto akionekana hazungumzi au anazungumza na mlango, kuna pa kumpeleka. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto kielimu vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa watu wa Denmark, na mwaka 2003 wazazi waliochoka kuambiwa watoto wao wamerogwa wakaunda Autism Society of Kenya. Mtu wa miaka 45 aende wapi? Wengi wanaamini usonji ni kama meno ya utotoni, ukifika darasa la nane yote yameng'oka. Daktari wa watoto alinipokea vizuri, akanicheka kidogo, akanipimia presha (ilikuwa juu, kwa sababu ya kiti), kisha akaniandikia rufaa ya Nairobi.

Mwanzo wa mambo ni kijana wangu mdogo. Mwaka jana, akiwa na miaka sita, mwalimu wake alituita, tukampeleka kufanyiwa tathmini. Tulikaa watatu mbele ya meza, mimi, mke wangu na mtoto, naye mtaalamu akawa anauliza polepole huku akijaza fomu. Je, mtoto hupanga vitu kwa mstari? Mke wangu akajibu ndiyo, kisha akageuka akanitazama. Je, hukasirika akibadilishiwa njia ya kwenda shule? Ndiyo. Akanitazama. Je, sauti ya ghafla humsumbua? Mtu anaweza kumwambia jambo kwa mafumbo akalichukua vilevile lilivyo? Kufikia swali la kumi hakuwa anajibu tena, alikuwa ananitazama tu, na mtaalamu naye akaanza kunitazama, kalamu ikiwa hewani.

"Mimi silii njia ikibadilishwa," nikajitetea.

"Hulii, baba watoto," akasema. "Unanuna mpaka Alhamisi."

Kwenye matatu ya kurudi kwetu Githongo kijana alikuwa ameshika karatasi yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa hati ya shamba. Mtaalamu alikuwa amemwambia kwamba ubongo wake unafanya kazi kwa njia yake, na kwamba si kosa. Akaisoma, akaikunja kwenye mikunjo ileile, akaniuliza, "Baba, yako iko wapi?"

Basi ndiyo hiyo naitafuta mpaka leo.

Sasa msidhani Githongo walikuwa hawajui. Githongo nilishapimwa kitambo, tena bure. Mimi ni karani wa kupima majani chai. Mizani ikisema kilo 11 na nusu, naandika 11 na nusu. Mkulima atanieleza habari za karo, mvua, mgongo wake na mgongo wa mama yake, na mimi nitamsikiliza mpaka mwisho, halafu naandika 11 na nusu. Wananiita Mizani, na sijui kama ni sifa au tusi. Wakilalamika kwamba sina huruma, wanalalamika kwenye kituo changu, hawahami kwenda kingine, maana wanajua pia sijawahi kumla mtu nusu kilo.

Wakulima nawajua kwa nambari. Kila mmoja ana nambari yake ya kuuzia chai, na mimi nambari inakaa kichwani kuliko sura. Sura hubadilika, mtu hunyoa, mtu hununua kofia. Siku moja matangani nilimkaribia mjane, nikamshika mkono kama inavyotakiwa, nikamwambia, "Pole sana mama kwa kumpoteza 143." Watu waliduwaa. Mimi nilidhani ni heshima kuu, maana nambari za wengine mara mojamoja huwa naangalia kitabuni, ya marehemu sikuwahi kuisahau hata siku moja.

Nilikuja kupata faraja niliposoma habari za Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest huko Mississippi, Marekani. Huyo ndiye wa kwanza kati ya wale watoto 11 ambao daktari Leo Kanner aliwaeleza mwaka 1943, na kwa sababu yao dunia ikaanza kuzungumza juu ya usonji. Baba yake alikuwa wakili, akamwandikia daktari barua ya kurasa 33 zilizopigwa chapa kueleza tabia za kijana. Donald akakua, akafanya kazi kwenye benki, akacheza gofu, akaendesha gari, akazuru nchi za watu, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Na watu aliokutana nao alikuwa akiwapa nambari! Nilipofika hapo niliweka karatasi chini nikazunguka nyumba mara mbili. Mji mzima ulimjua, ukamwachia nafasi yake, ukapokea nambari zake. Naona ni kama Githongo tu, isipokuwa familia ya mama yake ndiyo iliyokuwa na benki. Ya mama yangu ilikuwa na ng'ombe wawili, na mmoja alikuwa wa kukopa.

Habari kwamba Mizani anatafuta cheti zilipanda mlima haraka kuliko ukungu. Kinyozi wangu, ambaye huwa namlipa zaidi kidogo ili asizungumze, alizungumza. Alikuwa amesoma gazetini kuhusu sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyotiwa saini Mei 2025, akaamua amenielewa. "Karani, wewe ni mjanja. Unataka kadi usilipe kodi." Ni kweli kwamba mwenye kadi ile ya watu wenye ulemavu anaweza kusamehewa kodi ya mapato mpaka shilingi 150,000 kwa mwezi. Nikamweleza kwamba mshahara wangu na 150,000 hawajawahi kukutana, hata kwa kupungiana mkono. Hakuniamini. Mzee mmoja akasema ni ugonjwa wa watu wa Nairobi, wanaupata kwenye lifti. Kaka yangu akasema upuuzi, hata marehemu baba alikuwa hivyohivyo: kila alfajiri anahesabu miche ya kahawa, na siku aliyokuta mmoja umepungua hakunywa chai. Mchungaji akajitolea kuniombea.

Mchungaji nampenda, lakini yeye ni sehemu ya shida. Kila Jumapili kanisani, Methodisti kwetu, katikati ya mahubiri anasema, "Mgeukie jirani yako umwambie unapendeza." Nigeuke, nimtazame mtu machoni, nimwambie jambo ambalo sijalichunguza? Kwa miaka mingi nimekuwa nikikaa mwisho wa benchi, karibu na nguzo. Nguzo nishaiambia inapendeza mara nyingi tu, na ni kweli, imepakwa rangi upya.

Binti wa kaka yangu, ambaye ni muuguzi, aliniletea maswali 50 yaliyotungwa na watu wa Cambridge, Uingereza, mwaka 2001, ya mtu mzima kujipima mwenyewe kabla ya kumwona daktari. Nikakaa nayo mezani usiku. Kuna swali linalouliza kama huwa naona nambari za magari. Matatu zetu za kuelekea Meru mjini nazijua zote kwa nambari, hata ile iliyokufa. Nikaweka alama, nikaona mambo yanakwenda vizuri. Kisha nikafika pale wanapotaka nichague kati ya jumba la makumbusho na ukumbi wa michezo ya kuigiza. Ukumbi wa kuigiza Githongo hatuna, labda uhesabu mikutano ya chama cha ushirika. Makumbusho ya Meru nimeingia mara moja, darasa la sita, na nikakumbuka joka lililokuwa kwenye kizimba kuliko kitu kingine chochote. Nilikaa kwenye swali hilo dakika arobaini. Nadhani hizo dakika arobaini zingehesabiwa zenyewe, lakini hazikuwa na kisanduku.

Rufaa ya Nairobi ilikuwa na maneno mawili chini yake: piga simu. Fikiria. Mtu anashuku kwamba ana hali inayomfanya aogope simu kuliko nyoka, na mlango wa kwanza aliowekewa ni simu. Niliandika sentensi yangu nyuma ya stakabadhi ya chai, nikaifanyia mazoezi zizini, ng'ombe akinisikiliza vizuri sana. "Habari za asubuhi. Nina barua ya rufaa. Ningependa kupangiwa siku." Nikapiga. Sauti ikasema, "Haloo, subiri." Ukaanza muziki. Sentensi yangu haikuwa na mahali pa "subiri". Muziki ulipokwisha nikaanza upya toka habari za asubuhi, na ilikuwa saa nane mchana.

"Njoo Jumanne, asubuhi," wakasema. "Na uje na mtu aliyekulea."

"Asubuhi saa ngapi?"

"Asubuhi tu."

Kwangu asubuhi ni kuanzia saa kumi na mbili. Tuliondoka Githongo usiku wa manane, mimi na mama, yeye akiwa na leso mbili, chupa ya chai na mkungu mdogo wa ndizi kwa ajili ya daktari, maana haiwezekani mtu aende kuulizwa habari za mwanawe mikono mitupu. Tulipofika daraja la Nithi, kabla ya Chuka, mama akaomba kwa sauti kama aombavyo kila mtu mwenye akili anayepita pale, na matatu nzima ikaitikia amina, hata dereva, jambo ambalo halikunituliza. Chuka, Embu, Makutano, Thika. Kabla ya saa kumi na mbili na nusu tulikuwa langoni. Daktari alifika saa nne na robo. Kumbe hiyo nayo ni asubuhi.

Alikuwa binti mpole, umri wa kunizidi kwa vyeti tu. Akamkalisha mama vizuri, akamwita shosho, akapokea ndizi, akaeleza kwamba anataka kujua hasa nilivyokuwa nikiwa na miaka minne hadi mitano.

Mama akahesabu kwa vidole. "Huyu ni wa 1980. Kwa hiyo unauliza mwaka wa 84." Akatikisa kichwa. "Daktari, huo ni mwaka wa njaa. Mwaka wa mahindi ya manjano."

Daktari akasema ndiyo, lakini je, mtoto alikuwa anacheza na wenzake?

"Nani alikuwa na nguvu za kucheza?"

Je, alikuwa akijifanya anapiga simu, kama mchezo? Mama akaniangalia, kisha akamwangalia daktari kwa huruma. "Simu ipi, mwanangu? Ya kwanza kuiona kwa macho yangu ilikuwa posta." Je, alikuwa akinyoosha kidole kuonyesha kitu kilichomvutia? "Nilimkataza. Ukinyooshea malenge kidole yanakauka." Je, alimtazama mtu mzima machoni akizungumza naye? Hapo mama akajivuta kwenye kiti, leso akaikaza kiunoni. Mtoto wake amtazame mtu mzima machoni? Anadhani walimlea wapi? Watoto wake wote, akasema, walikuwa wakizungumza na wakubwa wakitazama chini, na huyu ndiye alitazama chini kuliko wote, mpaka majirani wakawa wanamsifu.

Nilimwona daktari akiandika, akifuta, akiandika. Nikamhurumia. Fomu ile ilitungwa na watu ambao watoto wao wanaonyesha malenge kwa kidole na malenge hayafanyi kitu. Kijiji kizima kilinifunza adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonificha. Ukikaa kimya umelelewa. Usipomtazama mtu una heshima. Ukitenda jambo moja kwa namna moja siku zote, wewe ni mtu wa kutegemewa, upewe mizani.

"Shosho," daktari akasema, akaiweka kalamu chini kabisa. "Niambie tu kitu kimoja unachokikumbuka."

Mama akanyamaza muda mrefu. Nje mtu alikuwa akisukuma machela yenye gurudumu bovu, na mimi nilikuwa nimeshahesabu mlio wake mara kumi na saba.

"Githeri," akasema. "Tulikuwa tunachanganya, mahindi yetu kidogo na yale ya manjano, na maharagwe tukiyapata. Wenzake wanakula mpaka wanalamba sufuria. Yeye anachambua. Maharagwe kando. Meupe kando. Manjano kando. Kama mtu anachambua kahawa kiwandani. Chakula kinapoa, ndugu zake wanamnyang'anya, yeye bado anachambua. Nilidhani anadharau chakula, mwaka ule." Akazikunja ncha za leso. "Nilimchapa sana kwa hilo."

Sikuwa nakumbuka kuchapwa. Nakumbuka rangi tu, yale ya manjano yalikuwa mengi zaidi.

Kisha mama akaongeza, kana kwamba ni habari ya hali ya hewa, "Lakini hata mimi siwezi kula vikiwa vimechanganyika. Mukimo nakula kwa sababu umepondwa, huoni tena nani ni nani." Daktari akamtazama yeye, akanitazama mimi, akachukua karatasi nyingine.

Zamu yangu ilipofika niliambiwa nijifanye tuko bafuni, nimwonyeshe daktari ninavyopiga mswaki. Nikauliza bafu la nani. Akasema lolote. Nikauliza maji ni ya mfereji au ya ndoo, kwa sababu mikono haiendi sawasawa. Akasema nichague. Tukamaliza dakika kadhaa hapo, nami nikasahau kusukutua, nikaomba nirudie. Halafu akanipa kitabu cha picha kisicho na maneno, nikisimulie. Kina vyura wanaoruka angani usiku, kila mmoja amekalia jani lake kama zulia. Nilikipitia mpaka mwisho, nikamwambia kwa heshima kwamba sisi kwetu tuna vyura wengi, hasa huku mashamba ya chai, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Akaniuliza vyura hao wanahisije. Nikamwambia baridi.

Wakati wa kurudi mama alikuwa kimya mpaka tukapita Embu. Akala ndizi moja, ile aliyoificha. Tukikaribia Chuka akasema, "Na mimi waniandikie yangu?" Nikamwuliza kama kweli anataka. Akasema hapana, safari ni ndefu, alikuwa anauliza tu.

Ripoti ilikuja wiki tatu baadaye kwenye bahasha ya kaki, kwa mkono wa kondakta. Kurasa tisa. Nasikia ukurasa wa mwisho umesema kile nilichokwenda kutafuta. Mke wangu ndiye aliyeusoma, akanisomea. Mimi nilikwama mstari wa kwanza. Jina la baba yangu lina ile alama ya juu baada ya M, kama ya Baimungi M'Marete wa Mau Mau na kama ya wazee wengi wa Imenti. Kitambulisho changu kinayo. Cheti cha kuzaliwa cha kijana kinayo. Ripoti haina. Kurasa tisa za maisha yangu, githeri, vyura na mswaki, zimepewa mtu mwingine, ambaye hana alama.

Sikutaka kusema. Nilijua nitaambiwa nini. Niliiweka mezani, nikaenda kukamua. Niliporudi kijana alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, karatasi yake upande mmoja na yangu upande mwingine, kidole kwenye jina.

"Baba," akasema, "hapa kuna kitu kimeanguka."

Mke wangu akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye tena.

"Nauli ya Nairobi," akasema polepole. "Kwenda na kurudi. Kwa kitu kidogo kuliko mguu wa nzi."

Hakuna aliyemjibu. Nikatoka mpaka zizini na stakabadhi na kalamu, nikaandika sentensi mpya, safari hii nikiacha nafasi ya "subiri". Nikapiga. Muziki ukalia, ukaisha, nikaeleza. Wakasema hakuna shida, nirudi Jumanne.

Nikauliza saa ngapi.

"Asubuhi," wakasema.